Tunahesabu kilomita za mchezaji, nani anaangalia nyonga yake?

Siku hizi picha za mazoezi za klabu zetu hazikamiliki bila ile fulana fupi nyeusi, ile ambayo mashabiki mtaani wanaiita sidiria. Mchezaji anavua jezi, kamera inamsogelea, na mgongoni, katikati ya mabega, kinaonekana kifuko chenye kidude kidogo kama kiberiti. Chini ya picha mashabiki wanashangilia: hii sasa ndiyo timu ya kisasa.

Sina ugomvi na fulana hizo. Zinatuambia mchezaji kakimbia kilomita ngapi, kasi yake ya juu ilikuwa ipi na mara ngapi kapiga mbio kali. IFAB, wale watunga sheria za soka, waliruhusu tangu mwaka 2015 vifaa vya aina hiyo vivaliwe hata ndani ya mechi, ilimradi waandaaji wa mashindano wamekubali. Ni kitu cha maana.

Ugomvi wangu ni mwingine. Kidude kile kile kinachohesabu kilomita kina ndugu zake wanaoweza kupima jambo ambalo hapa kwetu sijasikia klabu ikijisifu nalo: jinsi mchezaji anavyotembea. Sisemi kukimbia, nasema kutembea. Na huko kwenye kutembea ndiko nyonga yenye shida inakojisema, wakati mwingine kabla mwenye nyonga hajafungua mdomo.

Tuanze na nyonga yenyewe, maana tunaitaja kila wiki bila kuijua.

Nyonga ni pale mfupa wa paja unapoungana na kiuno. Kichwa cha mfupa huo ni cha mviringo, kimekaa ndani ya kikombe, mfano wa mpira ndani ya bakuli. Katikati kuna gegedu, ule utando laini unaofanya mifupa isisagane. Ukipiga shuti, ukigeuka ghafla kumfuata winga, ukinyoosha mguu kuzuia krosi, kazi yote inapita hapo.

Watafiti wa Berlin, Ujerumani, waliwahi kuweka vipimo ndani ya nyonga za bandia za wagonjwa wao. Walikuta kwamba mtu akitembea tu kawaida, nyonga inabeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Yaani beki wa kilo 75, akitoka kitandani kwenda bafuni, kila hatua nyonga yake inabeba kama kilo 180. Hapo hajaruka kupiga kichwa, hajateleza, hajagongwa.

Sasa weka mechi, mazoezi, safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, halafu mechi nyingine. Utafiti wa majeraha kwenye klabu kubwa za Ulaya, unaoongozwa na Profesa Jan Ekstrand wa Sweden tangu 2001, ulionyesha kwamba katika misimu saba ya mwanzo majeraha ya nyonga na kinena yalikuwa kati ya asilimia 12 na 16 ya majeraha yote kila msimu. Hizo ni klabu zenye madaktari wa kila aina na viwanja laini kama zulia. Sisi wenye viwanja ambavyo vingine mpira unaruka kama sungura, sijui tunajipa moyo kwa lipi.

Lakini soma taarifa za klabu zetu. "Mchezaji wetu anasumbuliwa na nyonga, atakuwa nje kwa wiki mbili." Wiki mbili zinapita, inakuja taarifa nyingine ya wiki tatu. Halafu anarudi, anacheza dakika 20, anashika paja, anatoka. Wiki inayofuata tunaambiwa "amejitonesha". Kajitonesha nini? Hatuambiwi. Nina wasiwasi kwamba mara nyingine hata wanaotoa taarifa hawajui.

Novemba 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha, Qatar, kwa sababu ya fujo hiyo hiyo. Kila daktari alikuwa na jina lake kwa maumivu yale yale. Wakakubaliana kuyagawa. Kuna maumivu ya misuli ya ndani ya paja. Kuna ya msuli unaokunja nyonga. Kuna ya sehemu ile ya chini ya tumbo panapotokea ngiri. Kuna ya mfupa wa kinena. Na kuna ya kiungo cha nyonga chenyewe, mpira na bakuli lake. Zaidi ya hapo kuna sababu nyinginezo ambazo daktari lazima azifikirie.

Hapa kwetu yote hayo tunayaita "nyonga". Ni sawa na fundi kuambiwa gari linagonga, naye akaanza kubadilisha matairi. Msuli wa paja unataka mazoezi yake na siku zake. Gegedu lililochanika ndani ya nyonga ni habari nyingine kabisa, na ukilitibu kama msuli unampotezea mtu msimu, pengine na maisha yake ya soka.

Ndipo ninapofika kwenye kutembea.

Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza dalili ambayo madaktari wanaitumia mpaka kesho. Mtu akisimama kwa mguu mmoja na misuli ya pembeni ya nyonga ile ikawa dhaifu, upande wa pili wa kiuno unashuka. Akitembea, utamwona anayumba, au anaegemeza kiwiliwili upande wa nyonga mbovu ili kuipunguzia mzigo. Miaka 130 iliyopita hakukuwa na setilaiti wala simu za mkononi. Daktari alitumia macho.

Macho bado ni kipimo kizuri. Sisi waandishi tunaosubiri mahojiano nje ya vyumba vya kubadilishia nguo tunaona mengi ambayo hayafiki kwenye runinga. Unamwona mchezaji aliyemaliza dakika 90, mashabiki wamemwimba, anashuka ngazi kwa kutanguliza mguu ule ule kila ngazi. Unamwona mwingine akitaka kuingia kwenye gari dogo anakaa kwanza kitini, halafu anabeba paja kwa mikono miwili kuliingiza ndani. Ukimuuliza, anacheka: "Uchovu tu, kaka."

Tatizo ni kwamba macho yanaona kilema kikubwa. Kidogo yanakikosa. Mguu wa kulia ukikaa chini muda mfupi kidogo kuliko wa kushoto, sehemu ndogo sana ya sekunde, hakuna daktari wa timu atakayeliona hilo akiwa kando ya uwanja na begi la barafu mkononi. Kifaa kinaliona.

Vifaa vyenyewe havina uchawi. Vinaitwa vihisi mwendo. Ndani yake mna vipimo viwili vya msingi: kimoja kinahisi mwili unavyoongeza na kupunguza kasi, kingine kinahisi unavyogeuka na kuzunguka. Vingi vina cha tatu kinachofanya kazi kama dira. Kama unadhani ni teknolojia ya mbali, chukua simu yako uigeuze ilale. Picha imegeuka? Basi kihisi unacho mfukoni. Simu za iPhone tangu 2020 zinamwonyesha mwenye simu urefu wa hatua zake na kama miguu yake inapishana muda, kwa kuibeba tu mfukoni.

Hata zile fulana za mazoezi, nyingi hazina GPS peke yake. Ndani ya kidude mna vihisi hivyo hivyo. Shida ni mahali vilipokaa. Kati ya mabega ni mbali na nyonga. Ukitaka habari za jikoni huendi kuuliza sebuleni.

Kipimo cha kutembea kinafanyika hivi. Kihisi kimoja kinafungwa kwa mkanda nyuma ya kiuno, pale mkanda wa suruali unapopita. Kimoja kinafungwa kila paja, kimoja kila muundi, na wengine wanaongeza kwenye viatu. Mchezaji anaambiwa atembee kama anavyotembea siku zote, aende na kurudi kwenye sehemu tambarare, dakika chache tu. Vihisi vinaandika mara 100 kwa sekunde au zaidi, na takwimu zinaingia kwenye kompyuta au kishikwambi.

Zikitoka zinasema mambo ambayo mtu wa mpira anayaelewa bila kwenda chuo. Hatua ya kulia ina urefu gani, ya kushoto je. Kila mguu umekaa chini muda gani. Paja linakwenda mbele nyuzi ngapi, na muhimu zaidi, linarudi nyuma nyuzi ngapi. Kiuno kinashuka upande gani. Kiwiliwili kinaegemea wapi.

Hilo la paja kurudi nyuma lisikilizeni vizuri. Watu wenye nyonga iliyolika, tafiti nyingi zimeonyesha, hutembea polepole zaidi, hatua zao hufupika, na paja la upande mbovu halirudi nyuma kama la mwenzake. Mwili unajilinda, na mwenyewe anaweza asijue kama amebadilisha mwendo. Madaktari wa mifupa wanatumia vihisi hivi kufuatilia watu waliowekewa nyonga za bandia, kuona kama wanarudi kutembea sawasawa au wanaendelea kuulinda mguu usio na sababu tena ya kulindwa.

Zamani kupima hivyo kulihitaji maabara: chumba kizima chenye kamera nyingi, vidoto vinavyong'aa vimebandikwa mwilini, na sahani za kupimia uzito zimefukiwa sakafuni. Maabara ya namna hiyo bado ndiyo kipimo cha kuaminika kuliko vyote. Lakini ni ghali, haihamishiki, na mchezaji lazima aifuate. Kihisi kinamfuata mchezaji kambini, kiwe Chamazi, kiwe Mwanza, kiwe Mbeya.

Nisiuze mbuzi kwenye gunia, vina upungufu wake. Kwenye kupima paja kwenda mbele na kurudi nyuma vinakaribiana vizuri na zile kamera. Kwenye kupima paja linavyozunguka kwa ndani au kwenda pembeni, usahihi unapungua, na kwa bahati mbaya hayo mazunguko ndiyo yanayowaumiza wacheza mpira wengi. Ile dira ya ndani inababaishwa na vyuma, hivyo ukimpima mtu ndani ya chumba cha kunyanyulia vyuma unaweza kupata majibu ya ajabu. Ukivifunga vimepinda, takwimu nazo zinapinda.

Tena hakuna binadamu anayetembea pande mbili sawa kabisa. Mtu mwenye mguu wa kulia wa nguvu ana mwendo wake, na haumwi popote. Na kihisi hakisemi "gegedu limechanika" au "msuli umevutika". Kinasema mwendo umebadilika, nenda kaangalie. Kuangalia ni kazi ya daktari, mikono yake, picha ya eksirei na MRI.

Kwa hiyo thamani ya kipimo hiki kwa klabu haipo kwenye kumlinganisha mchezaji na mwenzake. Ipo kwenye kumlinganisha na yeye mwenyewe. Unampima Julai, akiwa mzima, kwenye maandalizi ya msimu. Hiyo inakuwa picha yake ya kawaida. Unarudia kila mwezi, dakika chache. Siku mwendo ukitoka kwenye kawaida yake, unauliza kwa nini.

Tuseme una winga. Julai paja lake la kulia na la kushoto yanarudi nyuma karibu sawa. Oktoba la kulia limepungua. Hajalalamika, anafunga magoli, GPS inasema anakimbia vilevile. Bila kipimo, utasubiri mpaka Januari atakapoanguka kwenye mechi ya kimataifa. Ukiwa nacho, Oktoba ile ile unamwita, unamminya nyonga, unamuuliza, unampunguzia mzigo wiki moja. Waliosema dalili ya mvua ni mawingu hawakuwa na vihisi, lakini walikuwa na akili.

Jambo moja lazima lifanyike kwa uangalifu: mchezaji apimwe kabla ya sindano. Kila mtu kwenye soka letu anajua habari ya sindano ya kutuliza maumivu. Mechi ni kubwa, kocha anamtaka, kiongozi anapiga simu, mchezaji mwenyewe hataki kupoteza namba. Anachomwa, anacheza. Mwenye maumivu yaliyozimwa anaweza kutembea vizuri kabisa mbele ya kihisi, na hapo kipimo kitakuwa kimedanganywa sawa na mashabiki walivyodanganywa.

Mashabiki nanyi nina neno lenu. Jukwaani kuna maneno tunayapenda sana. Anadeka. Mvivu. Ameshiba hela. Kiungo harudi kukaba, tunasema ameshajiona mkubwa. Beki wa pembeni hapandi, tunasema kazeeka. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia mwenzetu kila akifungua mguu anahisi kisu kinenani, na ameambiwa na wakubwa zake anyamaze mpaka dabi ipite. Hatujui, na hatujui kwa sababu hakuna aliyepima.

Mnaodhani hili ni jambo dogo, mtazameni Thiago Alcântara. Kiungo fundi, Barcelona, Bayern, Liverpool. Mwaka 2023 alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Msimu wa 2023/24 alionekana mechi moja tu ya Liverpool, akitokea benchi dhidi ya Arsenal Februari 2024, akaumia tena. Julai mwaka huo akastaafu akiwa na miaka 33. Huyo alikuwa na madaktari wote ambao pesa inaweza kuwalipa.

Nje ya soka yupo Andy Murray wa tenisi. Januari 2019 alilia mbele ya waandishi mjini Melbourne, akieleza kwamba nyonga inamuuma hata anapovaa soksi na viatu. Mwezi huo huo akawekewa chuma kwenye nyonga mjini London, na Oktoba akachukua taji la Antwerp. Yake iliisha vizuri kwa sababu alifika kwa daktari sahihi na jina la ugonjwa lilijulikana.

Na yupo mfalme mwenyewe, Pelé. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka 2012, na miaka iliyofuata dunia ikamwona akitembelea fimbo, kisha kiti cha magurudumu. Mtu aliyetuonyesha mwili wa binadamu unaweza kufanya nini na mpira, mwishoni alihitaji kushikwa mkono kuvuka chumba.

Si yeye peke yake. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 1993 uliwaangalia wachezaji wa zamani 286. Nyonga zilizolika zilikutwa kwa asilimia 5.6 ya wachezaji hao, wakati kwa watu wengine wa umri wao ilikuwa asilimia 2.8. Kwa wale waliocheza ngazi ya juu kabisa ilifika asilimia 14. Soka linalipa, na soka linadai.

Huku kwetu deni hilo linalipwa kimyakimya. Nendeni kwenye mabonanza ya maveterani Jumapili asubuhi. Watazameni wazee waliotuchezea wakitoka kwenye bodaboda. Mtu aliyewahi kujaza uwanja anapanda kibaraza kwa kushika ukuta. Tunampigia makofi, tunapiga naye picha, tunaondoka. Akilazwa, tunachangishana kwenye kundi la WhatsApp. Kubadilishiwa nyonga kunawezekana hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya kazi hiyo. Lakini ni matibabu ya gharama, na mchezaji wa miaka ile hakuwahi kulipwa mshahara wa kuweka akiba.

Upande wa pili wako watoto, na hapa ndipo naogopa zaidi. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia vijana wa akademi za soka wakaona kwamba mfupa wa paja, pale karibu na nyonga, unaweza kuota nundu wakati mtoto bado anakua, kuanzia miaka ya 12 na 13 hivi. Nundu hiyo hutokea zaidi kwa wanaocheza sana katika umri huo. Baadaye inagonga ukingo wa bakuli kila mguu unapokunjwa, na kidogo kidogo inalila gegedu. Si kila mwenye nundu ataumwa. Lakini wengi wa wanaoumwa wakiwa na miaka 24 walianza kutengenezwa wakiwa na miaka 13.

Sasa mhesabie mtoto wetu mwenye kipaji. Asubuhi timu ya shule, UMITASHUMTA au UMISSETA ikikaribia. Jioni akademi. Jumamosi timu ya mtaa. Jumapili anachukuliwa na timu ya wakubwa kwenye ndondo, anapewa elfu tano na soda. Nani anajumlisha dakika zake? Hakuna. Nani ameangalia anavyotembea Jumatatu akienda shule? Labda mama yake, na mama akisema mtoto anachechemea, kocha anajibu: "Mama, huyu anakomaa."

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni pesa. Kweli, zipo seti za hospitali kubwa ambazo bei yake inatisha. Lakini vipo pia vihisi vya bei ya chini, na klabu inayoweza kuvunja mkataba wa kocha kila baada ya miezi mitano isituambie haina pesa ya mikanda minne na kishikwambi. Tayari mmenunua fulana. Kaeni na mliyemnunulia muulize kama vidude vyake vinaweza kufungwa kiunoni na kutoa takwimu za kutembea.

La pili ni wataalamu. Hilo nakubali. Kihisi bila mtu wa kukisoma ni pambo. Lakini tuna Chuo Kikuu cha Muhimbili, tuna MOI, tuna vijana wanaosomea fiziotherapia na uhandisi wa vifaa tiba ambao wangefurahi kufanya mradi wao wa mwisho kambini kwa timu ya Ligi Kuu. Klabu inatoa wachezaji, chuo kinatoa akili. Hakuna anayepoteza.

La tatu halisemwi hadharani, na ndilo zito kuliko yote. Mchezaji atauliza: takwimu zangu mtazipeleka wapi? Ana haki ya kuuliza. Leo kipimo kinasema nyonga ya kulia ina walakini, kesho mkataba hauongezwi, keshokutwa klabu nyingine imeshaambiwa "yule mbovu". Mkipima kwa mtindo huo, wachezaji watajifunza kutembea vizuri siku ya kipimo, kama wanavyojifunza kujibu "niko fiti, kocha".

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, iandikwe kwenye mkataba. Takwimu za mwili wa mchezaji ni za mchezaji. Daktari anaziona, mtaalamu wa viungo anaziona, kocha anaambiwa kitu kimoja tu: anaweza kucheza au hawezi. Mwenyekiti wa usajili haoni kitu. FIFPRO, umoja wa wachezaji duniani, ulitoa mwaka 2022 hati ya haki za wachezaji juu ya takwimu zao ikiwa imeandaliwa pamoja na FIFA. Na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu habari za afya kuwa nyeti. SPUTANZA, hii ni kazi yenu. Msisubiri mchezaji aachwe ndipo muanze kutafuta mwanasheria.

TFF na Bodi ya Ligi nao wana sehemu yao. Kila msimu wachezaji wanapimwa afya, tunaona picha wakiwa wamebandikwa nyaya za moyo kifuani. Vizuri sana, moyo unaua. Ongezeni nyonga na kinena kwenye orodha hiyo: daktari ashike, azungushe, apime nguvu ya misuli, na mwendo urekodiwe. Anzeni na timu za Ligi Kuu na timu zetu za taifa, wanaume na wanawake. Halafu akademi.

Na wakati tunasubiri vifaa, kuna dawa ambayo haihitaji hata umeme. Norway walizichukua timu 35 za nusu kulipwa, baadhi wakapewa zoezi moja la misuli ya ndani ya paja linaloitwa la Copenhagen: unalala kwa ubavu, mwenzako anakushika mguu wa juu, unajiinua. Utafiti ulichapishwa 2019, na waliofanya zoezi hilo uwezekano wao wa kupata matatizo ya kinena ulikuwa chini kwa asilimia 41. Halihitaji mashine wala mfadhili. Linahitaji mwenzako na sehemu ya kulala. Kocha wa daraja la nne anayesoma hapa anaweza kuanza jioni hii.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Wachezaji watakaotubeba siku hiyo wapo leo, wengine hata miaka 20 hawajafika. Kila mmoja ana nyonga mbili, na hazina akiba kwenye benchi. Kabla ya picha nyingine ya fulana nyeusi, klabu zetu zituonyeshe kitu kimoja: mchezaji akitembea, mikanda kiunoni na mapajani, daktari pembeni anasoma. Haitapata likes nyingi. Ila huyo mchezaji akifika miaka 50, atapanda kibaraza chake mwenyewe bila kushika ukuta.